Kutoka Mwiko hadi Kampuni

Haya ni maneno ya fundi mmoja wa ujenzi aliyezungumza na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka vijijini, walipokutana Kawangware, Nairobi. Tumeyaandika karibu jinsi alivyoyasema, pamoja na maswali machache yaliyoulizwa mwishoni.



Nimeombwa niseme juu ya kuanzisha kampuni ya ujenzi. Kwanza mjue kwamba mimi si wakili. Mimi ni fundi wa mawe. Nilifika hapa Kawangware nikiwa na mwiko wangu mmoja na pima maji ya kuazima. Yale nitakayosema nimeyajua kwa kuzunguka ofisini, na mengine nimeyajua kwa kupoteza pesa. Hayo ya kupoteza pesa ndiyo nayakumbuka zaidi, kwa hivyo nitaanza nayo.

Upande huu wa jiji mnauona. Ukitoka hapa ukashika Gitanga Road kwenda Lavington, halafu ukapita Kileleshwa na Kilimani, zile nyumba za zamani zenye bustani kubwa zinabomolewa na mahali pake panapanda gorofa. Kila asubuhi kabla ya jua kutoka, vijana wa vijiji vyenu wanateremka kwa miguu kutoka Kawangware, Kangemi na Riruta kwenda kusimama kwenye mlango wa saiti. Akihitajika, anaingia. Asipohitajika, anarudi nyumbani na njaa yake. Wengi ni watu wa mkono: kubeba mawe, kuchanganya simiti, kuchota maji. Baada ya miaka kadhaa kijana anakuwa fundi, na baada ya mingine anaanza kuona kwamba anaweza kuisimamia kazi nzima yeye mwenyewe. Hapo ndipo neno kampuni linaingia kichwani.

Sisi tulikuwa watatu. Mimi wa mawe, mwenzangu mmoja seremala wa paa, na wa tatu alikuwa fundi wa chuma, mtu mwerevu, mwenye maneno mazuri kwa wateja. Tulikuwa tumeshirikiana miaka sita bila karatasi yoyote. Mwaka wa 2018 tukapata kazi ya ukuta na vyumba vinne vya wafanyakazi kwa taasisi moja. Wakatuambia: sisi hatulipi mtu binafsi, tunalipa kampuni. Kama hamna kampuni, kazi tunampa mwingine.

Sasa, zamani chini ya ile sheria ya kale ya makampuni, Sura ya 486, kampuni ilihitaji watu wawili angalau. Sheria mpya ya mwaka wa 2015 ilikubali mtu mmoja peke yake kuanzisha kampuni. Ni jambo zuri, lakini sisi lilitukata. Yule fundi wa chuma ndiye aliyekuwa na barua pepe na alijua mambo ya saiba. Tukamwambia, "Wewe nenda ujaze tu, sisi tuko saiti." Akaenda, akajaza jina lake. Mkurugenzi ni yeye, hisa zote ni zake, na sahihi ya benki ni yake. Hakufanya hivyo kwa ujanja, jameni. Hata sisi tulikuwa tumeona jina moja ni kazi rahisi. Simiti ilikuwa imeshachanganywa.

Kazi ikaenda vizuri. Malipo ya kwanza yakaingia, tukalipa watu. Malipo ya pili yakaingia siku ya Ijumaa, shilingi 480,000. Jumamosi jioni mwenzetu akafa kwenye ajali ya matatu akienda nyumbani.

Tulizika. Wiki iliyofuata mimi na seremala tukaenda benki. Yule dada wa benki alikuwa mwenye heshima sana. Akatuuliza, "Nyinyi ni nani katika kampuni hii?" Tukasema sisi ndio tulioijenga ile kazi. Akatazama karatasi inayoitwa CR12, ile inayotoka kwa Msajili wa Makampuni ikionyesha wakurugenzi na wenye hisa. Jina lilikuwa moja, na mwenye jina alikuwa kaburini. Akatuambia, "Poleni. Mimi siwezi kuwapa hata shilingi."

Kisheria zile hisa zilikuwa mali ya marehemu kama vile shamba lake au ng'ombe wake. Ilibidi mjane aende kortini kuomba usimamizi wa urithi. Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja. Na mjane hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto watatu shuleni, na aliposikia kwamba bwana yake alikuwa na kampuni yenye karibu nusu milioni benki, na hakuna karatasi inayosema kuna mtu mwingine, mlitaka afikiri nini? Mwishowe wazee walikaa nasi na akatupatia sehemu. Lakini tulikuwa na watu kumi na mmoja saiti waliokuwa wakingoja mshahara wa Jumamosi, na Jumamosi haingoji korti. Mama yangu aliuza ng'ombe wa maziwa. Ndivyo nilivyowalipa.

Basi mkitaka kujua kwa nini nimekuja kusema nanyi leo, ni kwa sababu ya yule ng'ombe.

Jambo kubwa la kuelewa ni hili: kampuni ni mtu. Si wewe, si sisi, ni mtu mwingine aliyezaliwa na sheria. Ana jina lake, ana PIN yake ya ushuru, ana akaunti yake, anadai na anadaiwa. Jambo hili liliamuliwa zamani huko Uingereza, mwaka wa 1896, katika kesi ya mtengeneza viatu wa London aliyeitwa Aron Salomon. Alikuwa ameigeuza biashara yake ya viatu kuwa kampuni, yeye akiwa na karibu hisa zote, na watu wa jamii yake wakishika hisa moja moja. Biashara ikaanguka. Wenye kudai wakasema kampuni hii ni Salomon tu amevaa koti jipya, na alipe yeye. Mahakama ya juu kabisa ikasema hapana, kampuni ni mtu mbali na Salomon ni mtu mbali. Sheria yetu ya Kenya imesimama juu ya msingi huo huo hadi leo.

Neno Limited linaloandikwa mwisho wa jina maana yake ni kwamba deni la kampuni lina mpaka. Kampuni ikishindwa kulipa hadwea, hadwea haiwezi kuja kuchukua kitanda chako. Unapoteza kile ulichoweka kwenye hisa, basi. Huo ndio uzuri. Lakini upande wa pili, watu wengi hawausikii: kama deni la kampuni si lako, basi na pesa za kampuni si zako. Huwezi kuingia akauntini ukatoa karo ya mtoto kwa sababu wewe ni mkurugenzi. Ukitaka pesa, kampuni ikulipe mshahara, au igawe faida kwa wenye hisa, na iandikwe.

Je, kila mtu hapa anahitaji kampuni? Mimi nasema hapana. Kama kazi yako ni kupiga plasta na kutengeneza vyoo kwa majirani, andikisha jina la biashara tu. Ada yake ni ndogo sana kuliko ya kampuni. Ila ujue hapo wewe na biashara ni mtu mmoja, deni lake ni deni lako. Kikundi chenu mlicho nacho kimeandikishwa kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, na sheria ya vikundi ya mwaka wa 2022 inataka kiwe na watu 10 au zaidi. Hicho ni chombo kizuri cha kuweka akiba na kusaidiana. Msikivunje mkigeuze kampuni. Kampuni ya kibinafsi haikubaliwi kuwa na wanachama zaidi ya 50, na humo ndani hakuna mtu mmoja kura moja. Kura inafuata hisa. Mwenye hisa nyingi ndiye anasema. Kikundi kikitaka kufanya biashara huku kila mtu akiwa na kura sawa, kwendeni mkaulize ofisi ya ushirika.

Kampuni inafaa pale mteja anapoidai, au kazi inapokuwa kubwa hata ikiharibika inaweza kukumaliza. Kabla ya hapo unalipa ada za bure.

Haya, tuseme mmeamua. Hatua ya kwanza haiko mjini. Iko chini ya mti nyumbani kwenu. Kaeni chini nyinyi mtakaokuwa wenye hisa, watatu au saba, na mjibu maswali haya kabla ya shilingi moja kutumika. Nani analeta nini? Anayeleta pesa na anayeleta mashini ya kuchanganya simiti na anayeleta ujuzi wake tu, mnawapimaje? Mmoja akifa, hisa zake zinaenda kwa nani, na wengine wanaweza kuzinunua kwa bei ya namna gani? Mmoja akichoka akataka kutoka? Nani anatia sahihi benki? Mimi kwa sahihi nasema wawili, wala isiwe chini ya wawili. Andikeni majibu, kila mtu atie sahihi mbele ya mashahidi, na mkiweza mpe wakili autengeneze uwe mkataba wa wenye hisa. Pesa za wakili huyo mtaziona ni nyingi. Mimi nilimlipa ng'ombe.

Juu ya hisa, jihadharini na hesabu. Tuseme mmeweka hisa 1,000 za shilingi 100 kila moja, yaani mtaji wa 100,000. Aliye na zaidi ya nusu ya hisa anapitisha mambo ya kawaida peke yake, hata kumwondoa mkurugenzi. Mambo makubwa, kama kubadilisha katiba ya kampuni, yanahitaji asilimia 75. Kwa hivyo aliye na zaidi ya robo anaweza kuyazuia. Watatu wakigawana sawasawa, wawili wakipatana wanamshinda wa tatu. Wawili wakigawana nusu kwa nusu, wakigombana kampuni inasimama kama punda njiani. Hakuna mgawanyo usio na ubaya wake, ila chagueni mkijua. Na msiandike mtaji wa mamilioni kwa kujionyesha. Mtaji uliolipwa ukifika milioni 5, sheria inataka muwe na katibu wa kampuni mwenye cheti, na huyo analipwa.

Hatua ya pili ndiyo ya kuandikisha. Zamani watu walipanda hadi Sheria House, pale Harambee Avenue, wakapanga foleni na kurudi kesho na kesho kutwa. Siku hizi inafanywa kwa eCitizen, ndani ya kompyuta, chini ya ofisi inayoitwa Business Registration Service. Unaweza kuifanya saiba ya hapa Kawangware, au uende Huduma Centre ya GPO pale mjini ukasaidiwe. Mtahitaji kitambulisho na PIN ya kila mmoja, picha ndogo, nambari ya simu na anwani. Andikeni majina matatu au manne ya kampuni, maana lile mnalolipenda mara nyingi kuna mtu amekwisha kulichukua. Jina likikubaliwa mnajaza fomu, mnazichapa, kila mmoja anatia sahihi kwa mkono wake, zinarudishwa ndani. Katiba ya kampuni mnaweza kutumia ile ya mfano iliyowekwa na serikali, lakini isomeni. Ada yote imekuwa shilingi 10,000 na kidogo juu. Akikuambia 40,000, huyo ni broka, mpe kwaheri.

Tangu mwaka wa 2020 Msajili anataka pia majina ya wenye mali wa kweli, yaani kila anayeshika asilimia 10 ya hisa au zaidi, hata kama amejificha nyuma ya mwingine. Kwa hivyo mambo ya "andika jina lako, lakini mimi ndiye mwenyewe" yamepitwa na wakati. Na hata bila sheria hiyo, mimi nimewaambia yaliyonipata.

Neno moja juu ya saiba. Akaunti ya eCitizen ifunguliwe kwa simu yako na barua pepe yako. Usikubali kijana wa saiba atumie barua pepe yake ati ndiyo haraka. Na usimwachie neno la siri. Huo ndio ufunguo wa kampuni yenu, na hakuna mtu anayeacha ufunguo wa nyumba kwa muuza duka.

Siku cheti kinapotoka, ombeni na CR12 hapo hapo. Muisome. Majina yote yako? Hisa ni zile mlizopatana chini ya mti? Kama jina lako haliko kwenye CR12, hauko kwenye kampuni, hata kama ulibeba kila jiwe.

Ushuru sasa. Najua mmechoka, lakini hapa ndipo kampuni nyingi changa zinafia. Kampuni ina PIN yake kutoka KRA, na tangu ilipozaliwa inatakiwa kupeleka hesabu kila mwaka, hata kama haikufanya kazi. Kampuni ambayo mwaka wake unaisha Desemba, mwisho ni tarehe 30 Juni. Ukichelewa, faini ya kampuni haipungui shilingi 20,000. Kuna vijana waliandikisha kampuni wakaiweka sandukuni miaka mitatu wakingoja tenda. Tenda ilipokuja, KRA ilikuwa inawangoja na deni, na bila cheti cha kutodaiwa ushuru hakuna tenda. Kwa Msajili pia kuna taarifa ya kila mwaka. Msipoipeleka, mwishowe kampuni inaweza kufutwa.

Invoisi nayo siku hizi hupitia eTIMS, mtambo wa KRA. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na invoisi ya eTIMS haihesabiwi kama gharama kwa KRA. Maana yake, ukinunua mchanga kwa mwenye lori asiyekupa invoisi hiyo, kwa macho ya KRA ni kama hukununua mchanga. Pesa hiyo inahesabiwa kuwa faida yako nawe unaitozwa ushuru. Ulizeni bei mkiwa mmeuliza na invoisi.

Baada ya hayo kuna NCA, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 2011. Ofisi yao kuu iko Upper Hill. Kampuni ya ujenzi bila NCA ni kampuni tu, siyo kontrakta. Madaraja ni manane. NCA 8 ndiyo ya chini, ambapo mnaruhusiwa kujenga nyumba ya thamani isiyozidi shilingi milioni 10. NCA 7 ni hadi milioni 20, na inapanda hivyo hadi NCA 1 isiyo na mpaka. Wataangalia kama kati yenu kuna mtu mwenye elimu ya ufundi iliyo na cheti. Hapa mafundi wetu wengi wanakwama, kwa sababu kazi wanaijua kwa mkono lakini karatasi hawana. Dawa yake ni kufanya mtihani wa ufundi, ile trade test ya NITA, ukianza na gredi ya tatu. Mimi niliufanya nikiwa na mvi. Niliketi na watoto wa kunizaa, na mmoja wao akaniita mwalimu kabla hajajua nami ni mwanafunzi. Kaunti nayo ina leseni yake ya biashara, City Hall. Hiyo sitaielezea, mtalipa tu.

Sasa ngojeni niwaonyeshe hesabu moja, na hii mwenye kalamu aiandike.

Umepata kazi ya ukuta wa shilingi 800,000. Mawe ya Ndarugo, simiti, nondo, mchanga na lori ni 450,000. Mafundi na watu wa mkono ni 270,000. Jumla umetumia 720,000. Faida 80,000, si ndiyo? Unafurahi. Sasa mteja, kama ni kampuni au taasisi, anakata asilimia 3 ya ushuru wa zuio, anaipeleka KRA. Hiyo ni 24,000. Si kwamba imepotea, utaihesabu kwenye ushuru wako wa mwaka, lakini mkononi haiko. Halafu mkataba mara nyingi unasema azuie asilimia 10 mpaka aone kama ukuta utapasuka. Hiyo ni 80,000. Nusu unapewa kazi ikiisha, nusu nyingine baada ya miezi kama sita. Kwa hivyo kwenye malipo unashika 696,000, na wewe umekwisha kutumia 720,000. Umefanya kazi nzuri, una faida, na mfukoni una shimo la 24,000. Na hapo nimehesabu mteja analipa siku hiyo hiyo. Wengi hulipa baada ya siku 60, na serikali kuu na kaunti zimejulikana kukaa na madeni ya wakandarasi miaka na miaka.

Ndiyo maana nasema kampuni ya ujenzi haihitaji hasa ofisi Westlands wala pikapu. Inahitaji akiba ya kulipa watu wiki sita bila kuona cheki. Kama haipo, chukua kazi ndogo, au mwambie mteja alete vifaa yeye mwenyewe na akulipe ufundi peke yake. Si aibu. Mimi na seremala tulifanya hivyo miaka miwili tukijenga upya, na safari hii CR12 ina majina yetu mawili.

Jambo la mwisho kabla ya maswali ni watu wako. Ukiwa kontrakta, yule kijana aliye juu ya jukwaa la miti akianguka ni wako. Sheria ya mwaka wa 2007 ya fidia kwa walioumia kazini inataka mwajiri awe na bima. Akifa au akilemaa kabisa, fidia ni mshahara wa miezi 96. Piga hesabu hiyo kwa kampuni yenye mtaji wa 100,000. Wengine husema, aa, kampuni ina mpaka, itakufa na deni lake. Labda. Lakini yule kijana ametoka kijijini kwako, na mama yake mnakutana sokoni.

Maswali

Mama mmoja aliuliza: Mwanangu anataka kuanzisha kampuni na anasema benki inataka hati ya shamba letu. Si umesema deni la kampuni halinigusi?

Nimesema, mama, na ni kweli mpaka utie sahihi. Benki zinajua sana hiyo habari ya Salomon. Kwa hivyo kabla ya kukopesha kampuni changa zinataka mkurugenzi awe mdhamini yeye mwenyewe, au zinataka hati ya shamba. Ukitia sahihi, ule mpaka umeuvunja kwa mkono wako. Mwanao akishindwa, shamba linapigwa mnada na hiyo ni halali. Muulize kwanza, kazi iko? Mkataba uko? Mteja amewahi kulipa wengine kwa wakati? Kama anataka hati ili anunue pikapu, mama, ile hati iache pale ilipo.

Kijana mmoja aliuliza: Tumesikia tenda za serikali kuna asilimia 30 ya vijana na akina mama. Ni kweli au ni siasa?

Ni kweli, inaitwa AGPO, ilianza mwaka wa 2013. Asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kijana ni wa miaka 18 hadi 35. Kampuni inakubaliwa kama angalau asilimia 70 ya wenyewe ni wa hao, na uongozi wote ni wao. Kuandikishwa ni bure. Lakini kumbuka ile hesabu ya ukuta. Tenda ya serikali unaweza kuishinda na ikakufilisi kwa kungoja. Chukua moja ndogo kwanza uone inavyolipa.

Mzee mmoja aliuliza: Na yule mjane, mliachana vipi?

(Hapa alinyamaza kidogo.) Hatujaachana, mzee. Kijana wake mkubwa alimaliza shule, sasa yuko nasi saiti, anajifunza chuma kama baba yake. Tumekubaliana akifaulu ile trade test tumwandikie hisa. Mtihani wake ni mwezi ujao.